Msamiati wa Msingi wa Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Suala la Uteuzi wa Maneno kwa Wanafunzi wa Vitongoji vya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ni maneno yapi ya Kiingereza yanayostahili kuitwa ya msingi kwa mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ambaye anajiandaa kupimwa kwa Kiingereza. Hoja yetu ni kwamba orodha zinazofuata majina ya vitu, au wingi wa matukio ya neno katika matini za Kiingereza, hazimwonyeshi mwalimu maneno yale hasa ambayo Kiswahili huyaeleza kwa njia nyingine: kwa neno moja lenye maana pana, kwa mnyambuliko wa kitenzi, au kwa kiambishi. Mifano inahusishwa na mazingira ya Kinondoni na Temeke, kisha mapendekezo ya ufundishaji yanatolewa.

1.0 Utangulizi

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mwezi Septemba, na Kidato cha Kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo ya katikati, kuanzia Tandale na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala, vyumba vya kukodi na mabaraza ya nyumba hugeuka vituo vya masomo ya ziada ambayo wakazi huyaita "prifomu wani". Mzazi anayelipia masomo hayo anajua jambo moja kwa yakini: kwamba mtoto wake, aliyejifunza Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili, hivi karibuni ataulizwa mambo ya aina hiyohiyo kwa lugha ambayo haizungumzwi nyumbani wala mtaani.

Hali hii ina historia ndefu. Baada ya kutangazwa kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kitumike pia katika sekondari na elimu ya juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa cha kiwango cha chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilithibitisha nafasi ya Kiingereza katika sekondari. Ile ya mwaka 2014 ilikusudia Kiswahili kitumike katika ngazi zote, huku ikiruhusu Kiingereza kiendelee kutumika. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa wanaoona kwamba mtoto hupimwa Jiografia yake kwa haki zaidi katika lugha anayoimudu. Hata hivyo, mtoto aliye darasani hawezi kungoja mjadala wa sera umalizike. Swali linalomhusu ni finyu zaidi: kama muda alio nao unatosha kujifunza maneno mia chache tu, yawe yapi?

2.0 Orodha za maneno na misingi yake

Wazo la kuteua maneno ya msingi ya Kiingereza si jipya. Mwaka 1930 Ogden alitoa orodha ya maneno 850 ambayo aliyaona yanatosha kwa mawasiliano ya kawaida. Mwaka 1953 West alichapisha orodha yenye maneno makuu yapatayo 2,000, ambayo ilitegemea hesabu ya matukio ya maneno katika matini pamoja na vigezo vingine, kama vile urahisi wa kujifunza. Mwaka 2000 Coxhead aliongeza familia 570 za maneno ya kitaaluma. Mwaka huohuo Hu na Nation walionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe vizuri bila msaada.

Kazi hizi ni za thamani, lakini swali zinalolijibu ni hili: ni maneno yapi yanayotumika zaidi katika Kiingereza? Hazijibu swali la pili: ni maneno yapi ambayo mzungumzaji wa lugha fulani hatayapata asipofundishwa kwa makusudi? Neno linaweza kutokea mara nyingi sana na bado likampita mwanafunzi, kwa sababu katika lugha yake hakuna kitomeo kinacholingana nalo.

Orodha zinazodurufiwa kwa ajili ya masomo ya ziada zina msingi tofauti. Kwa kawaida hupangwa kwa mada: vyombo vya jikoni, sehemu za mwili, wanyama na watoto wao, majina ya makundi ya vitu. Upande mmja huwekwa neno la Kiswahili na upande wa pili neno la Kiingereza. Mpangilio huu una dosari ya kimsingi. Kwa kuwa huanza na neno la Kiswahili, huweza kunasa tu yale ambayo Kiswahili hueleza kwa neno. Yanayoelezwa kwa kiambishi huponyoka.

3.0 Maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari

Kabla ya kutazama yanayokosekana, ni vema kutazama yaliyopo. Mtoto wa Mbagala au Tandale hajui Kiingereza, lakini kinywani mwake mna nomino nyingi zilizotoka katika lugha hiyo: baiskeli, tairi, breki, pancha, spana, gereji, penseli, blanketi, sketi, benki, risiti. Anachohitaji ni kurekebishiwa matamshi na tahajia. Kutumia wiki nzima kumfundisha nomino za aina hii ni kumuuzia bidhaa iliyomo nyumbani kwake.

Maneno yaliyobadilika maana yanahitaji uangalifu zaidi. "Hoteli" kwa wakazi wengi ni mahali pa kula, hata kama hapana chumba cha kulala. "Mashine" ni chombo chochote cha mtambo, lakini aliyetumwa "mashineni" amepelekwa kusaga unga. "Kipilefti" ni mzunguko wa barabara, ingawa Mwingereza aliyeandika maneno hayo kwenye kibao alikuwa akitoa amri. Orodha fupi ya maneno ya namna hii ingeweza kukamilika kwa vipindi vichache.

4.0 Mahali ambapo Kiswahili hakina neno la pekee

4.1 Neno moja la Kiswahili, maneno mengi ya Kiingereza

Vitenzi vya maagizo ya mtihani ndivyo vya kwanza kutazamwa. Kitenzi "taja" hutumika mahali ambapo Kiingereza hutumia "name", "list", "mention" na "state". Kitenzi "eleza" hutumika kwa "describe" na kwa "explain" pia. Tofauti hizi hubadili jibu linalotakiwa. Anayeambiwa "describe" mzunguko wa maji anatakiwa aseme unavyokwenda, hatua kwa hatua. Anayeambiwa "explain" kwa nini maji huvukizwa haraka zaidi wakati wa jua kali anatakiwa atoe sababu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba maneno yote mawili ni "eleza" anaweza kusimulia kwa ukamilifu mahali alipotakiwa kutoa sababu, akakosa alama kwa jambo analolijua.

Hatari huwa kubwa zaidi pale neno la mkopo linapoingilia. Katika maswali ya Historia na Jiografia hutumika agizo "account for", lenye maana ya kutoa sababu za jambo. Mtoto anaijua "akaunti": ni ya benki au ya simu. Hakuna njia ya kutoka akaunti hiyo hadi kwenye sababu za kuanguka kwa dola. "Outline" nayo haifahamiki kwa kujua "out" na "line". Maagizo haya si mengi; yote pamoja hayazidi machache ya makumi. Lakini kila swali la mtihani hupita katika mlango wake.

4.2 Mnyambuliko wa vitenzi

Kiswahili huonyesha uhusiano wa maana kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Kutoka "kopa" tunapata "kopesha", kutoka "kumbuka" "kumbusha", kutoka "la" "lisha", kutoka "ona" "onyesha", kutoka "panda" "pandisha", kutoka "anguka" "angusha". Anayejua shina na kauli ya kutendesha amepata maneno mawili kwa bei ya moja. Kiingereza hakimpi punguzo hilo: lazima ajue "borrow" na "lend", "remember" na "remind", "eat" na "feed", "see" na "show", "rise" na "raise", "fall" na "drop". Vivyo hivyo katika kauli ya kutendwa: "shinda" na "shindwa" ni shina moja, lakini "win" na "lose" hazina hata herufi ya kwanza ya pamoja.

Matokeo yake hujulikana kwa kila mwalimu wa Kidato cha Kwanza: mwanafunzi humwomba mwenzake "borrow me your pen". Hilo si kosa la uzembe. Ni matumizi ya kanuni sahihi ya Kiswahili katika lugha isiyokuwa na kanuni hiyo. Linatuambia kwamba vitenzi vya namna hii vifundishwe kwa jozi, na kwamba jozi zenyewe zinapatikana kwa kupekua minyambuliko ya Kiswahili, si kwa kuhesabu matini za Kiingereza.

4.3 Viambishi

Kundi la tatu ndilo lililo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya mantiki ya sentensi ya Kiswahili hubebwa ndani ya kitenzi. Kiambishi "-ki-" katika "mvua ikinyesha" huweza kufasiriwa kwa "if" au "when", na katika "nilimwona akivuka" hakihitaji neno lolote la pekee. Kiambishi "-po-" huwa "when" katika "alipofika" na "where" katika "anapoishi". Kirejeshi katika "mdudu anayeeneza malaria" hufuata ngeli ya nomino, ilhali Kiingereza humtaka mwanafunzi achague baina ya "who" na "which". Katika "ungesoma ungefaulu" hakuna neno la sharti hata moja, lakini Kiingereza hudai "if" na "would".

Mfano ulio wazi zaidi ni "-sipo-". Tuchukue sentensi "mimea isipopata maji hufa". Kwa Kiingereza yaweza kuwa: "Plants die unless they get water." Mwanafunzi anayeijua kila nomino na kila kitenzi katika sentensi hii, ila haijui "unless", ataelewa kwamba mimea hufa ikipata maji. Kutojua nomino kungempunguzia maana. Kutojua neno hili kumempindulia maana. Ndivyo ilivyo pia kwa "except": anayeulizwa kwamba vyote vilivyoorodheshwa ni wadudu "except" kipi, asipolijua neno hilo, atachagua mdudu wa kwanza anayemwona, na jibu lake la kisayansi litakuwa sahihi kwa swali ambalo hakuulizwa. Ni jambo la kuzingatia kwamba neno tunalolitumia kufasiri "except", yaani "isipokuwa", lenyewe ni kitenzi kilichoganda chenye "-sipo-" ndani yake, na kwamba hulitumia pia kufasiri "unless".

5.0 Mapendekezo ya ufundishaji

Kutokana na uchanganuzi huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitengo cha kufundishia kiwe sentensi ya Kiswahili yenye kiambishi husika, siyo neno. Mwalimu aandike "asipokuja", "akija" na "alipokuja", kisha aulize Kiingereza kinahitaji neno gani katika kila moja. Pili, maagizo ya mtihani yafundishwe kwa kulinganisha: mada moja ambayo mwanafunzi ameimudu kwa Kiswahili, kwa mfano uenezaji wa malaria, iulizwe kwa "state", kwa "describe" na kwa "explain", na majibu matatu yawekwe pamoja ubaoni. Tatu, nomino za mada zibaki, lakini zije baadaye, zikianza na zile ambazo mtoto hana hata kwa umbo la mkopo.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya sarufi, si ya msamiati. Mpaka huo una maana kwa mwanaisimu. Mtoto anayeitazama "unless" haoni kanuni, anaona neno asilolijua. Wengine watasema kwamba kutumia Kiswahili katika somo la Kiingereza humnyima mwanafunzi nafasi ya kuisikia lugha lengwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Kiingereza kingesikika nje ya darasa. Kwa mtoto ambaye hawezi kukiokota mtaani, lugha yake ndiyo njia fupi ya kumwonyesha mahali penyewe pa tofauti.

6.0 Hitimisho

Msamiati wa msingi si sifa ya Kiingereza peke yake. Ni uhusiano baina ya Kiingereza na lugha ya anayejifunza. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, uzito wake upo pale ambapo Kiswahili hakihitaji neno. Kazi inayobaki ni ya kitakwimu, nayo inawafaa wanafunzi wa shahada za uzamili: kukusanya karatasi za mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kuhesabu maagizo, viunganishi na jozi za vitenzi zilizotajwa hapa, na kuyapanga kwa uzito wake katika alama. Orodha itakayotokana na kazi hiyo huenda ikawa fupi kuliko zinazotumika katika vituo vya masomo ya ziada. Manufaa yake yatakuwa kwamba mwanafunzi atakayeshindwa swali atakuwa ameshindwa swali lenyewe, si lugha iliyolibeba.