Korosho Zote Zisiishie Ghalani

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia chakula ambacho kila familia ya Kitangari, Newala na Masasi inakifahamu, lakini si kila familia inakila. Chakula hicho ni korosho.

Mkorosho si mti wa asili wa kwetu. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaipenda ardhi yetu ya kichanga kuliko mazao mengi ya wenyeji. Leo mkoa wa Mtwara ndio unaoongoza nchini kwa zao hili. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000. Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa zikiwa ghafi, pamoja na maganda yake, kwenda India na Vietnam. Huko ndiko zinakobanguliwa. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwetu miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikiwemo vya Newala na Masasi, vingi viligeuka kuwa maghala.

Sasa tutazame sahani ya mtoto. Katika nyumba nyingi za uwanda wa Makonde chakula kikuu ni ugali wa muhogo. Muhogo ni chakula cha kutia nguvu, wala hatuudharau, kwa kuwa umetuokoa katika miaka mingi ya njaa. Lakini gramu 100 za unga wake zina utomwili (protini) gramu 2 hivi au pungufu, na utomwili ndio unaojenga mwili. Mtoto anayeshiba ugali huo kwa mboga kidogo tu hushiba kweli, ila hakui. Mama humwona ana tumbo, akadhani amenenepa, na kumbe kimo chake kimebaki nyuma ya wenzake.

Gramu 100 za korosho zilizobanguliwa zina utomwili gramu 18 hivi na mafuta gramu 44. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyodhuru moyo. Zina madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu, kiasi cha miligramu 6 au 7. Zina pia zinki, inayosaidia mtoto kukua na kupambana na maradhi, pamoja na magnesiamu na shaba. Kiganja kimoja cha mtu mzima, yaani gramu 30 au korosho kama 20, kina utomwili gramu 5 hivi. Yai moja la kuku lina gramu 6. Kwa hiyo nyumba isiyo na kuku lakini yenye mikorosho haijakosa kila kitu.

Tunajua baba mwenye nyumba atatuuliza: na ada ya shule italipwa na nini? Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa hesabu. Kilo 4 hivi za korosho ghafi hutoa kilo 1 ya viini. Familia ikitenga kilo 20 katika mavuno yake, itapata kilo 4 na nusu hadi 5, ambazo ni viganja visivyopungua 150. Kwa bei ya sh. 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018, kilo hizo 20 zilikuwa na thamani ya sh. 66,000. Si fedha ndogo. Lakini mtoto mdogo anatosheka na nusu kiganja kwa siku, na fungu hilo litamfikisha mbali sana baada ya msimu kwisha. Tunaona inafaa kuzitenga kabla gunia halijapelekwa chama cha msingi, kwa sababu likishaingia kwenye stakabadhi ghalani halirudi jikoni. Na wale wanaouza kwa kangomba, korosho zikiwa bado juu ya mti, hupoteza mara mbili: hupata bei ya kutupwa, na watoto wao hawaonji hata moja.

Wanaobangua nyumbani ili wauze hubaki na vipande vilivyovunjika. Vipande hivyo vina chakula kile kile kilichomo katika kiini kizima. Msivitupe.

Kubangua kunataka uangalifu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Kaangeni nje ya nyumba, mahali penye upepo, watoto wakiwa mbali, kwa maana mafuta hayo huruka na kushika moto. Zikishaungua maganda, zimwagieni mchanga au majivu ili yanyonye mafuta. Anayepasua ajipake majivu au mafuta ya nazi mikononi. Asipasue kwa meno hata kama babu yake alifanya hivyo. Akirukiwa na mafuta ya ganda aoshe mara moja kwa maji na sabuni. Maganda yasitumike kama kuni za kupikia chakula.

Korosho za kuweka akiba zianikwe juani siku mbili au tatu zikiwa na maganda yake, kisha zihifadhiwe katika gunia safi lililoinuliwa kutoka sakafuni. Kiini chenye ukungu, au kilichobadilika rangi na kuwa kichungu, kisiliwe na mtu wala kuku. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumu ya aina hiyo katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Namna ya kumlisha mtoto ni rahisi. Mtoto mdogo asipewe korosho nzima, maana inaweza kumkaba. Zikishakaangwa, zitwangwe ziwe unga laini, na kijiko kimoja au viwili vya chakula vitiwe katika bakuli la uji kuanzia mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza kulikizwa, huku akiendelea kunyonya. Anzeni kwa kiasi kidogo sana. Wako watu wachache ambao korosho huwadhuru: huvimba midomo, hutokwa na vipele au hushindwa kupumua. Hao wawahishwe kituo cha afya na wasipewe tena. Kwa watu wazima, na hasa mama mjamzito, unga huo huo huungwa katika kisamvu, mlenda au kunde badala ya nazi, na wengi wetu tunaona utamu wake unaishinda nazi.

Kuna jambo jingine kwa walaji wa muhogo mchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, ulitokea Mtwara Vijijini na Mbinga. Huwapata wanaokula muhogo usioondolewa sumu vizuri huku chakula chao kikiwa na utomwili kidogo, kwa kuwa mwili huhitaji utomwili ili kuiondoa sumu hiyo. Korosho haifuti kazi ya kuloweka na kukausha muhogo, lakini huupa mwili silaha.

Hata hivyo korosho haina kila kitu. Vitamini A haimo, na vitamini C ni kidogo mno. Hapo ndipo linapoingia bibo, ambalo wengi huliacha lioze chini ya mti au hulikausha kuwa kochoko kwa ajili ya pombe. Bibo bivu lina vitamini C mara nne hadi tano ya chungwa, na vitamini hiyo husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika korosho na mboga. Liokotwe siku ile ile lililoanguka, lioshwe, na kama linakereketa koo lichemshwe dakika chache katika maji ya chumvi kabla ya kukamuliwa. Maji yake yanyweke siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala hugeuka kuwa uraka.