Moteri ya zamani ya mtumbwi na hesabu ya mafuta yake

Wengi wetu tunarudi likizo kwa njia ya ziwa, ndani ya mitumbwi mikubwa ya mbao. Moteri nyingi nyuma yake ni Yamaha, lakini kuna jamaa ambazo zingali na Johnson ao Evinrude ya babu, na inawaka. Watu husema ile moteri inakufa kwa uzee. Sisi wa mwaka wa 6 tunaona mara nyingi inauawa na bido.

Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza moteri zake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Kampuni iliyotengeneza Johnson na Evinrude pamoja ilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 jina la Evinrude nalo likaacha kutengenezwa. Basi ukiunguza pistoni ya zamani, kupata ingine ni taabu kweli.

Tuje kwenye hesabu. Moteri hizi hazina nafasi ya mafuta peke yake kama gari. Mafuta yanachanganywa ndani ya esanse, na ndiyo yanapaka vyuma vyote. Johnson na Evinrude za mpaka 1963 zinadai sehemu 1 ya mafuta kwa 24 za esanse. Tangu 1964 zikaandikiwa 1 kwa 50. Sasa chukua bido ya litre 20. Kwa 50 unatia mililita 400, yaani chupa ya maji ya nusu litre isiyojaa. Kwa 24 unatia karibu 830, zaidi ya mara mbili! Kijana aliyezoea moteri mpya anatia 400 ndani ya moteri ya 1957, na inawaka vizuri, hata moshi unapungua, naye anafurahi. Lakini ndani, chuma kinasugua chuma. Nguvu inapungua kidogo, sauti inakuwa nzito, kisha pistoni inakamata na kamba haivutiki tena. Hapo uko katikati ya ziwa, na upepo wa kusini wa kiangazi hauna huruma.

Mwaka wa moteri tafuta kwa namba ya kibati chake, si kwa rangi, sababu rangi kila mtu anapaka. Kibati kikipotea, tumia 24. Mafuta yakizidi, buji inachafuka, na buji inasafishwa. Pistoni iliyokwaruzwa haisafishwi. Mafuta yawe ya moteri za mtumbwi, yenye alama TC-W3, si ya gari. Tia kwanza mafuta na esanse kidogo, tikisa, kisha jaza.

Jambo lingine linasumbua makanika wengi: moteri nyingi za miaka ya 1950 zina mpira wa esanse wenye njia mbili. Njia moja inapeleka hewa ndani ya tangi ili kusukuma esanse, nyingine inaileta. Ukiweka bido ya kawaida, moteri haitapata kitu. Tena ile tangi iko na presha; usifungue kifuniko karibu na moto.

Ikikataa kuwaka, toa buji uone kama inapiga cheche. Cheche ikikosa, angalia platine chini ya gurudumu: zisafishe, nafasi yake iwe nusu milimeta. Bobini za miaka ile hupasuka ganda, na hapo ni kubadilisha tu. Usiwashe moteri pakavu, hata dakika moja. Gurudumu la mpira la pompi ya maji litaungua. Mguu wake uingie ndani ya pipa la maji. Mafuta ya giya yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia.

Na ile pini ya elisi! Ilitengenezwa ivunjike elisi ikigonga jiwe, ili giya zipone. Wengine wanatia msumari wa chuma kigumu badala yake. Jiwe linalofuata litavunja giya. Pini mbili za akiba zifungwe kwa kitambaa ndani ya kifuniko cha moteri, pamoja na buji moja na ufunguo wake.

Wadogo zetu mtakaopanda mtumbwi likizo hii, muulize nahodha kwa heshima makasia yako wapi, mbele hajavuta kamba.