Fundi, Mwashi, Mason: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mawe ya Mwanza

Vijana wanaoanza kazi ya ujenzi hapa Mwanza huniuliza kuhusu mchanganyiko wa saruji na mchanga, au msingi uanzie wapi kwenye kiwanja cha mlimani. Hayo nawajibu kwa furaha. Lakini lipo jambo wasiloniuliza, na mimi nililijua nikiwa nimechelewa: jina unaloitwa kazini ndilo linaloamua utalipwa nini, nani atakusikiliza, na ukuta ukipasuka lawama itamwangukia nani. Majina ya kazi yetu yamebadilika sana, na ninyi mnaotaka kufika mbali yatawahusu kuliko mnavyodhani.

1. Neno la kazi hubeba kipimo cha kazi

Aliyenifundisha kushika mwiko alikuwa mzee wa Pangani aliyeoa na kuzeekea huku ziwani. Siku moja tulikuwa kwenye mteremko wa Capri Point tukipandisha ukuta wa kuzuia udongo. Mpita njia akasema, "Poleni na ujenzi, wazee." Mzee akaitikia kwa heshima, kisha akanigeukia: "Sisi hatujengi, mwanangu. Tunaaka."

Nilidhani ni maneno ya kwao tu. Baadaye nilielewa kwamba katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kujenga kulikuwa hasa kwa miti na udongo. Nyumba ya mawe na chokaa iliakwa. Aliyeiaka ni mwashi, na kazi yake ni uashi. Kitenzi chenyewe siku hizi hukisikii. Wengi wa rika langu neno waashi tulilizoea kanisani, katika Zaburi ya 118, penye habari ya jiwe lililokataliwa.

Watu wa pwani walikuwa na sababu ya kuipa kazi hiyo jina lake. Jiwe la matumbawe likitolewa baharini likiwa bichi hukatika kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Likichomwa juu ya magogo hutoa chokaa. Kwa vitu hivyo viwili Kilwa walipandisha Husuni Kubwa katika karne ya 14, kasri lenye bwawa la pembe nane, mbele ya bahari. Huku kwetu Usukumani nyumba ilikuwa ya duara, ya miti, udongo na nyasi. Jiwe lilikuwa la kusagia nafaka, au lilibaki mlimani lilipo. Wajerumani walipoanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, uashi wa pwani na jina lake vilikuwa vigeni hapa. Reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, mzigo mzito kama saruji ukapata njia ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam.

Lakini kilichonishangaza zaidi hakikuwa historia. Ni namna mzee alivyolitumia neno lile kunipima. Akifika kwenye kipande changu akakuta maungo ya mawe yamefuatana kutoka chini hadi juu, bila jiwe la juu kulifunga la chini, alisema kwa upole, "Hapa umejenga, hukuaka." Nikabomoa. Hakuhitaji kunieleza kosa, kwa kuwa neno lilikuwa limeshalieleza. Leo ninapomsikia kijana akisema "nimepandisha kozi tano," namuuliza zimefungana wapi.

2. Anayepasua jiwe analijua kuliko anayelipanga

Hili linanigharimu kulisema, lakini nyie ndio mtakaofaidika.

Nilipopata jina la mwashi nililivaa kama joho. Pale Igogo palikuwa na akina mama waliokaa kwenye jua na nyundo, wakivunja kokoto na kuuza kwa debe. Juu yao, mlimani, wanaume walikuwa wakipasua majabali kwa moto: wanapanga kuni pembeni mwa jabali, wanaliacha lipate joto, granaiti inatanuka bila usawa na kufanya nyufa, kisha wanaingia na mitaimbo na nyundo nzito. Wote hao mimi niliwaita vibarua. Nilinunua mawe kwao bila kuwauliza kitu.

Mama mmoja, aliyekuwa amenizidi umri kwa mbali, aliona mawe niliyokuwa nikipakia. Akaligonga moja kwa nyundo yake ndogo. "Baba, hili limekufa," akasema. "Sikiliza." Sikutaka kusikiliza mbele ya vijana wangu. Nilimwambia mimi ndiye mwashi, nikapakia.

Mawe yale yalikwenda kwenye msingi wa nyumba ya familia moja juu ya mteremko. Baada ya msimu mmoja wa masika kona ya chini ilishuka na ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Nilichimba kuangalia. Yalikuwa yanamomonyoka mkononi. Granaiti iliyokaa juani na mvuani kwa zama nyingi huoza kutokea nje: madini yake mengine hugeuka udongo, na jiwe linabaki na sura ya jiwe tu. Ukiligonga jiwe zima, hulia. Ukiligonga bovu, hutoa sauti iliyokufa. Yule mama alikuwa ameniambia hivyo hivyo, tena bure. Msingi niliurudia kwa fedha yangu, na kwa mwenye nyumba niliomba radhi akiwa na watoto wake wamesimama.

Nilirudi Igogo nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikamwomba anifundishe kugonga. Hakunikumbusha lolote. Alinionyesha jinsi ya kulizungusha jiwe, kutafuta mkondo wake, na kuligonga sehemu tatu kabla ya kulikubali. Tangu hapo sinunui tripu ya mawe kabla ya mpasuaji kunieleza yametoka upande gani wa jabali. Jina la mwashi lilikuwa limenifanya niamini kwamba ujuzi wa mawe unaanzia kwenye mwiko. Unaanzia kwenye nyundo ya kokoto, na wenye nyundo hiyo wengi ni wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwapa jina la ufundi.

3. Fundi ni jina pana, tafuta lako mahususi

Fundi na kufundisha ni ndugu. Zamani fundi alikuwa mtu aliyeijua kazi kiasi cha kuweza kumpokea mwanafunzi. Leo kuna fundi cherehani, fundi saa, fundi simu, fundi rangi, na kwenye saiti hata aliyeanza juzi anaitwa fundi ili apandishwe moyo. Chini yake kuna saidia fundi, jina la mtu anayebeba karai kutwa nzima na ambaye mara nyingi anajua zaidi ya anayemsaidia. Serikalini nako wamegawa: fundi mchundo, fundi sanifu, kisha mhandisi, kila mmoja na ngazi yake ya mshahara.

Nilimsindikiza kijana wangu mmoja, mtu wa mikono mizuri sana, kwenda kufanyiwa tathmini na VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wana utaratibu wa kuwarasimishia ujuzi watu waliojifunzia kazini. Alipewa fomu, akaisoma, akanirudia uso umebadilika. Ilikuwa imeandikwa "Uashi". Hakulitambua neno. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake na hakujua jina lake, kwa sababu mimi sikuwahi kumpa. Nilikuwa nimemwita fundi tu, kama wote. Alifaulu. Kwa cheti kile aliweza kuingia kwenye mradi mkubwa ambako fundi wa jina tupu wanamsimamisha getini.

4. Mtu akikuuliza kama wewe ni mason, mjibu

Cheti changu cha zamani kiliandikwa kwa Kiingereza, na mstari wa kazi ulisema Mason. Nimekitundika sebuleni. Mjukuu wa jirani alikuja kunisaidia kuhamisha kabati, akakisoma, akashusha sauti: "Babu, kumbe na wewe umo?" Nilitegemea hofu. Kilichofuata ndicho kilichonishtua: "Unaweza kuniunganisha?"

Nilimketisha. Nilimweleza kwamba Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, ambao mpaka leo humwita mwashi maçon. Isidore wa Seville, askofu wa karne ya 7, aliandika kwamba waashi waliitwa machiones kwa sababu ya machinae, majukwaa waliyopanda ili kuzifikia kuta ndefu. Wanaisimu wa sasa wengi wanauona humo mzizi wa Kijerumani cha kale wenye maana ya kutengeneza. Kwa vyovyote vile, mason wa kwanza alikuwa mtu mwenye vumbi la jiwe.

Ulaya, waashi wa makanisa makubwa walihama kutoka mji hadi mji kufuata kazi, wakawa na vibanda vyao na taratibu zao. Polepole katika vyama vyao wakaingizwa mabwana ambao hawakuwahi kushika mwiko. Mwaka 1717 vyama vinne vya namna hiyo viliungana London, na chama cha Frimasoni tunachokijua kikachukua sura. Walichochukua kwa waashi ni skweya, bikari, timazi na pima maji, wakavifanya alama za mwenendo. Hata kwetu hawakuwa watu wa kujificha kiasi kinachodhaniwa. Dar es Salaam wana jengo lao kando ya Sokoine Drive, na Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene kwenye reli hii hii ya Tabora na Mwanza, aliuongoza umoja huo Afrika Mashariki, akajitambulisha hadharani hadi kifo chake mwaka 2017.

Kijana alinisikiliza, kisha akatoa simu. Alikuwa ameshatuma fedha ya "fomu" kwa namba aliyoiona kwenye karatasi iliyobandikwa nguzoni. Wakamwomba nyingine ya "ulinzi", akatuma. Mtaani neno mason limekuja kumaanisha utajiri usio na jasho, na matapeli wanalila neno hilo pamoja na wanaoliamini.

Sikumgombeza, maana hamu yake ya kutoka kwenye umaskini ni hamu njema. Nilimpeleka saiti asubuhi iliyofuata, nikampa uzi na timazi, nikamwonyesha hesabu ya nyumba moja tangu msingi hadi lenta: mawe kiasi gani, mifuko mingapi, siku za fundi, siku za saidia fundi, na kinachobaki. Aliikopi kwenye daftari. Nawasihi mfanye hivyo na kila mdogo wenu. Tukinyamaza wenye kazi, neno letu litaelezwa na wenye namba za nguzoni.

5. Kwenye makubaliano, andika jina na mipaka yake

Kazi inazidi kugawanyika. Vijana waliofanya kazi kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, wanarudi wakiwa fundi nondo, fundi zege, mchomeleaji. Kila mmoja anajua anapoanzia na anapoishia. Sisi wa nyumba za mitaani bado tunapatana kwa mdomo na "fundi", na mwenye nyumba anaamini neno hilo limejumuisha plasta, sakafu, karo la choo na hata kupaua. Ugomvi mwingi niliosuluhisha Mabatini na Kilimahewa ulianzia hapo, pande zote mbili zikisema kweli.

Kwa hiyo chukua karatasi hata ya daftari. Andika "fundi mwashi". Andika kutoka msingi hadi lenta, au hadi utakapokubaliana. Andika nani ananunua mawe na nani anayakagua, maji yatatoka wapi, saidia fundi analipwa na nani, na malipo yatatolewa hatua ipi. Weka shahidi, mjumbe wa mtaa akipatikana ni bora zaidi, na kila mmoja abaki na nakala kabla jiwe la kwanza halijashuka kwenye lori.