Kutafuta Nafsi na Kuiacha Nyumba

"Bwana Mshauri, niliingia katika dhikri ya tarika ya Kadiria mwaka mzima, nikaiacha, nikajifunza yoga vitabuni, nayo nikaiacha. Sasa nataka kuacha ukarani, nimrudishe mke wangu na mtoto kwa wakwe, nikae khalwa mpaka niijue nafsi yangu ya kweli. Je, nakosea?" – Mtafutaji, Tanga.

Ndugu Mtafutaji,

Barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, ina kurasa nne. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka mahali, kwani mambo yako umeyaeleza kwa tafsili, lakini jina la mwanao sikuliona.

Hamu yako si ya kubezwa. Imamu Ghazali, mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, alifikwa na mfano wake mwaka 1095, alipotambua kwamba elimu aliyoisomesha aliitaka kwa ajili ya jaha na sifa za watu. Ulimi ukamzuia darasani, chakula kikamshinda kumeza, na matabibu wakakiri kwamba maradhi yametoka moyoni. Akaenda Sham, akawa akijifungia mnarani katika msikiti wa Damascus. Wengi waipendao habari hii hupita upesi mahali ambapo wewe ungepaswa kutua: kabla ya kuondoka aliigawa mali yake, akabakiza kadiri ya kuwatosha watoto wake, na baadaye miito ya watoto hao ikamvuta kurudi kwao.

Yoga nayo, kwa Wahindi wenyewe, haianzi kwa kukunja miguu, bali kwa kujizuia kudhuru, kusema uongo na kuiba.

Masufi husema juu ya nafsi ammara iamrishayo maovu, lawwama ijilaumuyo na mutmainna iliyotulia. Wala hizo si nafsi tatu, ni ile ile moja, ifuliwayo kama kanzu, na madoa yake huwadhihirikia kwanza wakaao nawe. Umetaja kwa kupitia tu kwamba mkeo anakuona umekuwa mkali tangu uanze safari hii. Mimi naliona hilo kuwa ndilo neno zito kuliko yote uliyoniandikia: unachokitafuta, yeye amekwisha kukiona.

Ndiyo, unakosea. Usiache kazi, wala usimrudishe mtu kwao. Nenda kwa khalifa wa Kadiria uliyemkimbia, umtake idhini ya kurudi katika halaka ya dhikri, na utulie hapo. Na usiku wa leo, kabla hujalala, mwombe mkeo radhi.