SIDA: Neno kwa Musimamizi

Ndugu, wewe unayesimamia wale wanaozunguka vijijini kupima damu kwa ajili ya SIDA, usiwaulize kwanza: «Mulipima watu wangapi?» Uliza: «Wale walioonekana kuwa na virusi, ni wangapi waliofika hospitali na kupokea dawa?» Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia linashauri kila mwenye virusi aanze dawa, hata akijisikia muzima. Karatasi peke yake haimufikishi mutu. Musaidizi amusindikize, siku ile ile kama anakubali. Akikosa kufika, musaidizi arudi kwake kwa upole, bila nguo ya kazi, majirani wasijue. Na jina lake lisitajwe kanisani, hata katika maombi. Anayelitaja umuondoe katika kazi hii, hata kama ni muzee wa kanisa.