Mtafsiri wa filamu nyumbani awe mzazi mwenyewe

MIAKA michache iliyopita nilinunua diski ya filamu pembeni mwa barabara hapa mjini Morogoro. Jalada lilikuwa na picha ya vijana waliovaa jezi wakigombea mpira. Nikasema moyoni, hii ni ya michezo, itakuwa na ubaya gani? Nikawawekea watoto, mimi nikaenda kusomesha darsa baada ya Alasiri.

Wiki iliyofuata tukapanda Kinole, kwenye safu za Uluguru, kumsalimia bibi yao mzaa mama. Bibi, kama ilivyo ada, akamwita mjukuu wake wa miaka minane "mume wangu" na kumtania kuwa amekuja mikono mitupu, hata sukari hakuleta. Mtoto akamjibu kwa neno ambalo haliandikiki gazetini. Baraza zima likanyamaza. Mama mkwe hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. "Mwalimu, haya ndiyo mnayosomesha huko mjini?"

Nilipomuuliza mtoto alikolitoa neno hilo, alijibu bila woga kwamba yule mtafsiri wa filamu ya mpira ndiye aliyelisema, na wote wakacheka.

Ndugu msomaji, kazi ya watafsiri hawa unaijua. Katika vibanda vya video na kwenye diski, mtu anazungumza juu ya sauti ya filamu, anaeleza kwa Kiswahili kinachoendelea, na anatia mizaha yake ili wateja wachangamke. Filamu yenyewe yaweza kuwa safi kabisa, lakini mtoto asiyejua Kiingereza haisikii filamu, anamsikia mtafsiri. Na mimi nilikuwa nimemwachia mtu nisiyemjua nafasi ya kukaa na wanangu saa mbili, awafafanulie kipi ni cha kuchekesha, nani shujaa na nani mjinga. Kosa lilikuwa langu.

Baadhi ya wazazi wakisikia kisa kama hiki hukata shauri moja tu, luninga itoke nyumbani. Siwalaumu. Lakini nimewaona wanafunzi wangu ambao kwao hakuna luninga, na kibanda cha mtaa wa pili wanakijua vizuri kuliko mimi.

Hebu turejee kwenye Sunna. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akasimama akimsitiri Bi Aisha (r.a.) naye akitazama, shavu lake karibu na shavu la Mtume. Hakuondoka mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Aghalabu hadithi hii tunaitumia kuthibitisha kuwa michezo inajuzu, kisha tunafunga kitabu. Tuangalie pia aliposimama Mtume (s.a.w.). Hakumruhusu mkewe kutazama kisha akaenda zake kwenye shughuli nyingine, ingawa hapana shaka shughuli alikuwa nazo.

Baada ya kisa cha Kinole nilijiwekea utaratibu mmoja. Filamu naitazama kwanza peke yangu usiku, kisha natazama na watoto, na mtafsiri ni mimi.

Niliyoipenda kuliko zote ni ya Iran, iliyotengenezwa na Majid Majidi mwaka 1997, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Children of Heaven. Mvulana Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra. Baba hana uwezo, kwa hiyo wanapokezana jozi moja. Zahra anasoma asubuhi, kisha anakimbia kumpa kaka yake viatu awahi zamu ya mchana. Mwisho yanatangazwa mashindano ya mbio, na zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Ali anataka nafasi ya tatu tu. Wanangu, ambao wamewaona watoto wa milimani wakiteremka kwenda shule huku viatu wamevishika mkononi visilowe, hawakuhitaji maelezo marefu.

Kuna sehemu fupi ambayo mtu aweza kuipita bila kuiona. Baba anavunjavunja sukari ya msikiti aliyokabidhiwa, analetewa chai isiyo na sukari, naye haigusi ile iliyojaa mbele yake. Hapo nilisimamisha filamu. Somo la amana nimelisomesha darasani kwa ubao na chaki mara nyingi, lakini siku hiyo lilieleweka kwa donge la sukari. Inaonekana pia hadhara ya maombolezo ya Kishia. Watoto wakauliza, nikawaeleza kwa utulivu. Mtoto atakutana na mambo haya siku moja, na bora ayasikie kwa mzazi wake.

Ya pili inatoka kwa jirani zetu Uganda, Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair mwaka 2016. Inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Katwe jijini Kampala, aliyeifuata programu ya sataranji kwa sababu wanagawa uji, akafika mpaka mashindano ya dunia ya mwaka 2010 kule Urusi na kushindwa huko. Kilio chake baada ya kushindwa kina faida kwa watoto kuliko kombe. Lakini mzazi ajiandae. Dada yake mkubwa anaondoka nyumbani kwenda kuishi na mwanamume mwenye pikipiki, na binti yangu aliuliza kwa nini. Nisingelikuwapo, swali lile angelijibiwa na nani? Kocha wao, Robert Katende, alikuwa chini ya taasisi ya Kikristo ya michezo, na hilo sikuwaficha.

Halafu sataranji yenyewe. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wameikataza, ama kwetu Mashafii rai mashuhuri ni karaha, madhali hakuna kamari wala haimpitishii mtu Swala. Niliwaeleza watoto hivyo hivyo. Kutazama kisa cha mchezaji si sawa na kuununua mchezo.

Tahadhari moja kwa wanaovutwa na jina. Filamu ya Ali ya mwaka 2001, inayohusu maisha ya Muhammad Ali, huko kwao Marekani imewekwa kundi la R, ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima. Lugha yake ni chafu, na maisha yake na wanawake yameoneshwa. Tena ngumi zinalenga uso, nasi tunayo hadithi sahihi inayoamrisha kuuepuka uso. Jinsi alivyokataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967 akanyang'anywa ubingwa, hayo msimulie mwanao kwa mdomo wako.

Na asiye na filamu atafute picha za Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji na kumaliza marathoni wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni dakika chache tu, na hazina tangazo la kubeti, tofauti na mechi za kwenye king'amuzi ambazo tunadhani ni salama kwa sababu ni mpira.

Jumamosi iliyopita tuliirudia ile ya Iran. Ali alipotangazwa wa kwanza na kuanza kulia, mdogo wao wa miaka mitano alishangaa, mbona ameshinda na analia? Sikujibu. Dada yake akasema, "Viatu vilikuwa vya wa tatu." Mtoto akafikiri, kisha akauliza Zahra atavaa nini kesho. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshaanza. Nikairudisha nyuma kidogo kabla ya kuzima, aione baiskeli ya baba na kilichofungwa nyuma yake, tukaenda kutawadha.