Kuwaonea Wanyonge Shuleni: Ni Wajibu wa Nani?

Wengi hudhani kuwa mtoto mkubwa kumtesa mdogo shuleni ni mchezo wa utotoni, na kwamba mwenye kuteswa atakomaa kwa mateso hayo. Nasi twasema: hayo ni maneno ya asiyelala bwenini.

Mwishoni mwa mwaka 1982, kaskazini mwa nchi ya Norway, wavulana watatu walijiua, na sababu ikaonekana kuwa ni kuonewa na wenzao. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni katika shule zote za nchi. Mtaalamu Dan Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa mji wa Bergen, na baada ya miaka miwili waliosema wanaonewa walipungua kwa kadiri ya nusu. Walimu walikuwa wamefundishwa kusimamia uwanja wakati wa mapumziko, kuweka kanuni chache zijulikanazo na wote, na kusema na mwonevu, na mwonewa, na wazazi.

Tena tangu mwaka 2017 sheria yao yamlazimu kila afanyaye kazi shuleni kuwa macho, kuuzuia uonevu auonapo, na kumwarifu mwalimu mkuu. Kwa lugha ya vyuoni mwetu, wamelitoa jambo hili katika fardhi kifaya wakalitia katika fardhi ain. Kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuteswa mwilini au moyoni, lakini kila mmoja humngojea mwenziwe. Na mwonevu hafanyi yake mbele ya mwalimu wa hesabu. Huyafanya chooni, kwenye foleni ya chakula, na bwenini taa zikiisha kuzimwa. Wayaonao ni mpishi, mlinzi na matroni; nao ndio wasioitwa kwenye mafunzo!

Wakiitwa, wafundishwe kumtambua mtoto ambaye chakula chake huchukuliwa kila siku, afuaye nguo za wengine, aogopaye kwenda kuoga. Wafundishwe kuzuia papo hapo pasi na kupiga wala kutukana, kwani mtu mzima apigaye huwasomesha waonevu kazi yao. Wala wasiwasimamishe wawili hao uso kwa uso na kuuliza, "Je, ni kweli?" Mnyonge atakana, na akisema kweli atalipizwa usiku. Kila mmoja aulizwe peke yake, habari iandikwe pamoja na tarehe, mwalimu mkuu aijue siku ile ile, na baada ya juma moja mtoto aulizwe tena.

Madrasa zetu zenye mabweni nazo zisijione ziko kando. Twawauliza wasimamizi wake: mpishi wenu akiona jambo usiku wa leo, amwambie nani?